Asilimia 19 ya Antofagasta: uchambuzi wa bili moja ya hoteli

Bili yenyewe ilikuwa na mistari michache. Usiku 4 kwa dola 100, jumla dola 400. IVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani (VAT), asilimia 19, dola 76. Jumla kuu dola 476. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, hizo dola 476 zilikuwa zimegeuzwa kuwa peso za Chile, 452,200. Mgeni na karani wa mapokezi waligombania mstari wa IVA kwa dakika nyingi, teksi ikiwa nje inasubiri. Mstari wa peso hakuna aliyeutazama.

Mgeni huyo ni mhandisi wa mitambo ya kuchakata shaba kutoka Lubumbashi. Mimi ni mhasibu Dar es Salaam, kwenye kampuni inayosafirisha mizigo ya Katanga kupitia Tunduma, na tumefahamiana kwa sababu ya malori na nyaraka za forodha. Ameniruhusu nikieleze kisa chake. Jina lake, la hoteli na la mwajiri wake nimeyaacha, na namba nimezisawazisha kidogo ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Mpangilio wa mambo ni uleule.

Alikwenda Antofagasta, mji wa bandari kaskazini mwa Chile, pembeni mwa jangwa la Atacama. Kwa mtu wa shaba hiyo ni safari inayoeleweka. Chile inaongoza duniani kwa uzalishaji wa shaba, Kongo siku hizi inaifuata, na mgodi wa Escondida, mkubwa kuliko yote ya shaba, uko kilomita zipatazo 170 kutoka mji huo. Muuzaji wa mitambo wa huko alimwalika akaone vifaa vikifanya kazi. Alikaa usiku 6. Usiku 2 wa mwanzo ulilipwa na mwenyeji wake, 4 uliobaki ulikuwa juu yake, arudishiwe na mwajiri akifika nyumbani.

Mwajiri alikuwa ameidhinisha dola 400 kwa malazi. Hakukurupuka. Uthibitisho wa nafasi ya chumba ulisema wazi: dola 100 kwa usiku, IVA haimo, wageni wasio wakazi wa Chile hawatozwi. Aliporudi na risiti ya 476, idara ya fedha ilimlipa 400 na kumrudishia karatasi zake. Walimwambia kwamba 76 ni kodi ambayo kwa maandishi ya hoteli yenyewe hakupaswa kulipa, kwa hiyo akaidai huko huko alikoilipa.

Ndipo akanipigia. "Kaka, hawa watu wamenikata dola 114."

Mia moja na kumi na nne? Alikuwa amejumlisha na kodi ya usiku 2 uliolipwa na mwenyeji wake. Hilo nitalirudia, maana lilikaribia kumharibia madai yote.

Alichokuwa anakijua, na alikokitoa

Mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda Lima. Peru nayo haiwatozi wageni kodi ya mauzo kwenye malazi. Decreto Legislativo 919 ya mwaka 2001 inaihesabu huduma ya malazi na chakula anayopewa hotelini mtu asiye mkazi kuwa ni mauzo ya nje ya nchi, kwa ukaaji usiozidi siku 60 tangu aingie. Hoteli iliangalia pasipoti na kumbukumbu ya kuingia kwake nchini, ikaondoa asilimia 18, na yeye akalipa kwa sarafu ya Peru bila mtu yeyote kumuuliza pesa zake ni za aina gani. Alitoka Lima na kanuni moja kichwani: ukiwa mgeni, onyesha pasipoti, kodi inaondoka.

Kanuni hiyo ni sahihi kwa Lima. Angekwenda Buenos Aires angekuta jambo jingine kabisa. Argentina, tangu Januari 2017, huondoa IVA ya asilimia 21 kwenye malazi ya mgeni, lakini kinachotazamwa ni njia ya malipo: kadi iliyotolewa nje ya nchi, au fedha zilizotumwa benki kutoka nje. Ukitoa noti mfukoni, hata ziwe dola mpya zinazonukia wino, unalipa kodi kama mwenyeji. Nchi tatu jirani, msamaha unaofanana kwa jina, na masharti matatu tofauti. Peru huhesabu siku. Argentina huangalia malipo yametoka wapi. Chile huangalia sarafu.

Msomaji wa kwetu anaweza kushangaa kwa nini mgeni apunguziwe. Tumezoea kinyume chake: kwenye geti la Serengeti au Maasai Mara mgeni ndiye hulipishwa mara kadhaa ya mwenyeji. Mantiki ya Chile ni ya mauzo ya nje. Shaba inayopakiwa melini Antofagasta haibebi IVA kwa kuwa inakwenda kutumika kwingine, na IVA ni kodi ya matumizi ya ndani. Usiku wa hoteli anaouziwa mgeni kwa fedha za kigeni umewekwa kapu moja na ile shaba. Hoteli inaruhusiwa hata kudai irudishiwe IVA iliyolipa kwenye manunuzi yake, kama msafirishaji mwingine yeyote wa bidhaa nje.

Ukishaliona hivyo, sheria yenyewe inasomeka bila kigugumizi. Ni Decreto Ley 825 ya mwaka 1974, kifungu cha 12, herufi E, namba 17. Inasamehe mapato ya fedha za kigeni yanayopokelewa na kampuni za hoteli zilizosajiliwa kwa mamlaka ya kodi, SII, kutokana na huduma kwa watalii wa kigeni wasio na makazi Chile. Kilichosamehewa hapo ni mapato ya hoteli. Mgeni ametajwa kama sharti mojawapo, kama sarafu ilivyotajwa na kama usajili ulivyotajwa. Hana haki iliyo mkononi mwake anayoweza kwenda nayo dirishani kwa SII akasema nirudishieni changu. Hakuna dirisha la namna hiyo, hata uwanja wa ndege.

Mhandisi alinikatiza hapo. Yeye hakuwa mtalii, alikwenda kikazi. Je, huenda hoteli ilikuwa sahihi kumtoza? Hapana. Aliingia kwa ukaaji wa muda mfupi, ambao sheria ya uhamiaji ya Chile iliyoanza kutumika mwaka 2022 inaupa hadi siku 90, na shughuli za kibiashara zimo humo pamoja na matembezi, matibabu na kutembelea ndugu. Hakuajiriwa huko wala hakulipwa mshahara na mtu wa huko. Kwa upande wa mtu, alitimiza sharti.

Ule usiku, kwa mpangilio

Siku ya kuingia alitoa pasipoti, ikapigwa kopi. Karani wa mchana alimwomba pia karatasi ya PDI, kikaratasi kidogo ambacho polisi wa upelelezi, ndio wanaosimamia mipaka Chile, humpa mgeni anapoingia. Hakuwa nacho mkononi. Alidhani kimo kwenye begi. Wakakubaliana atakileta kesho. Akajaza kadi ya usajili, akaweka sahihi. Kadi hiyo ilikuwa na kisanduku cha sarafu atakayolipia. Alikiacha wazi, na karani hakukisemea.

Kesho haikufika. Gari la migodini lilimchukua alfajiri na kumrudisha usiku, na zamu za mapokezi zilibadilika. Hakuna aliyeandika popote kwamba mgeni wa chumba hicho anadaiwa karatasi. Asubuhi ya kuondoka, saa kumi na moja alfajiri, alikutana na karani wa usiku ambaye hakuwahi kumwona. Karani akafungua kumbukumbu, akakuta pasipoti ipo, karatasi ya PDI haipo, akatoa bili yenye IVA.

Mhandisi akaonyesha uthibitisho kwenye simu. Karani akaonyesha tangazo kaunta: pasipoti pamoja na karatasi ya PDI. Akaonyesha viza na muhuri. Karani akarudia tangazo. Teksi ikapiga honi. Ndege ya kwenda Santiago haikuwa inamsubiri mtu. Akatoa kadi, karani akaipitisha kwenye mashine, mashine ikatoa risiti ya peso 452,200, na karani akachapa *boleta*, risiti ya kawaida anayopewa mnunuzi wa mwisho.

Kuna jambo moja hapa linaloniuma kila nikilifikiria. Mfukoni alikuwa na noti za dola. Mtu wa Lubumbashi anaishi kwa dola: kodi ya nyumba, ada ya shule, hata bili ya mgahawa ni dola, na akaunti yake ya benki ni ya dola. Noti 4 za 100, safi, zisizo na mchaniko (maana Kongo noti iliyochanika hata kidogo hukataliwa, kwa hiyo alizichagua), zingelipa chumba kwa usahihi kabisa. Alitumia kadi kwa sababu mwajiri wake anataka taarifa ya benki kwenye madai ya safari.

Karatasi iliyogombaniwa na sarafu iliyosahaulika

Alipofika Santiago kusubiri ndege ya kuunganisha, aliingia kwenye tovuti ya PDI na kupata nakala ya karatasi yake. Huduma hiyo ipo, na haihitaji kusimama foleni. Akaituma hotelini kwa barua pepe akiamini mambo yameisha. Jibu lilikuwa fupi: tunasikitika, risiti imeshatolewa na malipo yamefanyika kwa peso.

Alilisoma jibu hilo kama visingizio. Mimi nililisoma tofauti, kwa sababu nusu yake ya pili ndiyo hoja halisi ya kesi nzima, na ilikuwa inatajwa kwa mara ya kwanza.

Karatasi ya PDI inathibitisha ukweli uliokuwepo tayari. Alikuwa mgeni wa muda mfupi kabla karatasi haijapatikana, na alibaki kuwa hivyo ilipopotea. Ushahidi ukikosekana leo ukapatikana kesho, sharti lenyewe halikuwahi kuvunjika. Sarafu ni tofauti. Hoteli ilipokea peso. Mapato ya fedha za kigeni, ambayo ndiyo pekee sheria imeyasamehe, hayakuwahi kuwepo. Hata karani angekuwa na karatasi 10 za PDI mbele yake, malipo yale kwenye mashine ile yangebeba kodi.

Kwa hiyo hoteli isingeweza kumrudishia dola 76 tu na kuachana naye, na hapa ndipo watu wengi wanaogombana na mapokezi hawaelewi kwa nini wanakataliwa. Tuseme mhasibu wa hoteli ana huruma, anarudisha 76. Zinabaki 400 zilizolipwa kwa peso. Kwa SII hayo ni mauzo ya ndani, na bei ya mauzo ya ndani inahesabiwa kuwa na kodi ndani yake: gawanya 400 kwa 1.19, unapata 336.13 za hoteli na 63.87 za serikali. Hoteli ingekuwa imetoa zawadi ya karibu dola 64 kutoka kwenye mapato yake. Karani hana mamlaka hayo, na mhasibu mwenye akili hatayatumia.

Mashine za kadi zinaongeza utata wa aina yake. Wasafiri wengi wamewahi kuulizwa na mashine kama wanataka kulipa kwa sarafu ya nchi au kwa sarafu ya kadi yao. Ukichagua sarafu ya kadi, unachobadilishiwa ni namna utakavyokatwa wewe. Mfanyabiashara bado hupokea sarafu ya nchini, na kwa kawaida wewe ndiye unayeumia kwenye kiwango cha kubadilishia. Kuona "USD" kwenye kioo hakutoshi. Swali la kumuuliza karani ni kama hoteli yenyewe inauza kwa dola na kama itatoa *factura de exportación*, ankara ya mauzo ya nje. Hiyo ankara ndiyo alama. Ukipewa *boleta*, umeshahesabiwa kuwa mnunuzi wa ndani, hata kama unazungumza Kiswahili tupu.

Je, karani alikosea? Kwa kukataa kuondoa kodi bila karatasi, hapana. SII ikija kukagua na hoteli ikakosa ushahidi wa mgeni, hoteli ndiyo italipa ile asilimia 19, na pengine adhabu juu yake. Mtu wa zamu ya usiku analinda kazi yake. Lakini nakala ya karatasi ilikuwa inapatikana kwa simu, hapo hapo kaunta, na mtu anayekaa kwenye kaunta ya hoteli yenye wageni wa migodini kila wiki anapaswa kulijua hilo kuliko mhandisi wa Kikongo aliyefika mara ya kwanza. Mzigo mkubwa zaidi nauweka kwa karani wa mchana na utaratibu wa hoteli. Walimwachia mgeni kisanduku cha sarafu kikiwa wazi, wakaahidiana karatasi kwa mdomo, na uthibitisho wao ulitaja msamaha bila kutaja dola. Mgeni aliyesoma uthibitisho ule kutoka mwanzo hadi mwisho asingejua kwamba mashine ya kadi inaweza kumpotezea asilimia 19.

Mhandisi naye ana sehemu yake, ingawa ndogo: aliweka sahihi kwenye kadi ambayo hakuijaza.

Zile dola 38

Usiku 2 wa mwanzo ulilipwa na muuzaji wa mitambo, kampuni ya Chile, kwa peso, kwa ankara yenye jina la kampuni. IVA yake dola 38. Mhandisi aliziona kwenye karatasi aliyoachiwa chumbani na kuziongeza kwenye madai yake, kwa hoja kwamba aliyelala kitandani ni yeye, na yeye ni mgeni.

Nilimwambia aziache. Mlipaji ni kampuni ya ndani, sarafu ni ya ndani, msamaha hauna pa kuingilia. Isitoshe, hakuna aliyepoteza: kampuni yenye ankara ya jina lake kwa gharama ya biashara yake huitoa IVA hiyo kwenye kodi inayodaiwa mwezi huo. Hakupenda. Aliona kama ninawatetea. Lakini barua yake ya kwanza kwa hoteli, ile iliyodai 114, ilikuwa imempa mhasibu wa huko sababu ya kuitupa yote kapuni, kwa kuwa ilionyesha mwandishi hajui anachodai. Madai ya haki yakibebana na yasiyo ya haki, anayejibu huanza na yale yasiyo ya haki na huishia hapo hapo.

Chakula hakikuwa na ugomvi. Alikula mgahawani, akalipa papo kwa papo, na bakshishi ya asilimia 10 ambayo sheria ya Chile inautaka mgahawa uipendekeze kwenye bili aliilipa akidhani ni lazima. Ni hiari. Alicheka nilipomwambia, akasema chakula kilistahili.

Milango aliyokuwa nayo

Benki ilikuwa ya kwanza kichwani mwake. Visa na Mastercard kwa kawaida hutoa siku 120 za kupinga muamala, na yeye alikuwa ndani ya muda. Nilimshauri asianzie huko. Muamala ulifanyika akiwepo, kwa kadi yake, kwa namba yake ya siri, na kiasi kwenye mashine kilikuwa kilekile kilicho kwenye bili. Benki itauliza kama aliidhinisha, jibu ni ndiyo. Benki haina kazi ya kuamua kama kodi ya Chile ilitozwa kwa haki. Karatasi pekee yenye uzito ilikuwa ule uthibitisho wa dola 400, na hoteli ingejibu kwamba bei ile ilikuwa na sharti la pasipoti na karatasi. Baya zaidi, ukishafungua pingamizi benki, mhasibu wa hoteli huacha kujibu barua zako na kumwachia mtu wa benki yake. Unageuza mazungumzo kuwa kesi.

SERNAC, idara ya Chile ya kuwatetea watumiaji, hupokea malalamiko, na hoja ya tangazo lisilokamilika ingesikilizwa huko. Niliiweka akiba.

SII yenyewe ilikuwa mlango uliofungwa kwake, kwa sababu niliyokwisha kuieleza: mlipa kodi machoni pake ni hoteli. Kuna kifungu kimoja kwenye sheria ya taratibu za kodi ya Chile, cha 128, ambacho watu wa mapokezi hawakijui na wahasibu wanakijua vizuri. Kinasema kodi iliyotozwa kwa mteja kupita kiasi haiwezi kurudishwa kwa mlipa kodi mpaka athibitishe kwamba amemrudishia aliyeibeba. Hoteli ikitaka kurekebisha lazima imalizane na mgeni kwanza. Haiwezi kujibu "subiri SII iturudishie ndipo tukurudishie".

Ulibaki mlango wa hoteli, lakini kwa ombi jingine. Badala ya kudai 76, aombe mauzo yote yafutwe na kufanywa upya: peso 452,200 zirudi kwenye kadi, hoteli itoe *nota de crédito* ya kuifuta ile *boleta*, halafu ilipwe dola 400 kwa dola na kutoa ankara ya mauzo ya nje yenye namba yake ya pasipoti. Kwa njia hii sharti la sarafu linatimizwa kweli, na mhasibu haombwi kufumba macho mbele ya chochote.

Muda nao ulikuwa na maana. Hoteli za Chile, kama biashara nyingine, hutangaza IVA kila mwezi kwa fomu iitwayo F29, mwezi unaofuata, kufikia tarehe 12, au 20 kwa wanaowasilisha kwa mtandao. Marekebisho yanayofanyika kabla vitabu vya mwezi havijafungwa ni kazi ya dakika chache kwa mhasibu. Baada ya hapo yanawezekana bado, ila yanakuwa mzigo, na mzigo wa mgeni aliyekwisha kuondoka hauna haraka mezani kwa mtu. Kwa bahati alikuwa ameondoka katikati ya mwezi.

Barua iliandikwa na mwenzake wa kazini anayejua Kihispania. Ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Haikumtaja karani wa usiku hata kidogo, jambo ambalo mhandisi alilipinga mpaka dakika ya mwisho. Ilisema yeye ni mgeni asiye mkazi, nakala ya pasipoti na ya karatasi ya PDI zimeambatishwa. Kwamba uthibitisho wa nafasi haukueleza sharti la fedha za kigeni. Kwamba yuko tayari kulipa dola 400 kwa njia yoyote ya dola watakayoitaja. Na kwamba anaomba yale malipo ya peso yafutwe yote. Usiku 2 wa mwenyeji haukutajwa.

Mhasibu mwenyewe wa hoteli alijibu, safari hii kwa jina lake na wadhifa wake. Alikubali.

Likaja swali la nani aanze. Hoteli haikutaka kurudisha peso kisha mgeni aliye Kongo anyamaze. Mgeni hakutaka kulipa 400 nyingine huku peso zikiwa bado huko. Kwa muda angekuwa ametoa karibu dola 900 kwa usiku 4. Hapa sikuwa na jibu la kitabuni. Tulimwomba mhasibu atume kwanza nakala ya *nota de crédito* iliyokwisha kutolewa, yenye namba yake. Hati ya namna hiyo ikishaingia kwenye mfumo wa SII si jambo la kufutwa kimyakimya, na hoteli iliyoitoa haina sababu ya kukaa na pesa ambazo vitabu vyake vinasema imezirudisha. Nakala ilikuja. Mhandisi akalipa dola 400 kwa kiungo cha malipo cha dola, ankara ya mauzo ya nje ikatumwa siku hiyo hiyo, na peso zikaanza safari ya kurudi.

Zilirudi, ila si zote alizokatwa. Mara ya kwanza benki yake ilikuwa imezigeuza peso kuwa dola kwa kiwango chake na kuongeza ada ya muamala wa nje, ikamkata dola 487. Ziliporudi, peso zilezile 452,200 ziligeuzwa kwa kiwango cha siku hiyo na upande wa kununulia, bila ada kurudishwa, akapata 471. Tofauti ni dola 16.

Aliitaka hoteli ilipe hizo 16. Nilimwambia hoteli imerudisha kila peso iliyopokea, na kiwango cha kubadilishia ni mambo ya kati yake na benki yake. Benki ikamwambia ada ilikuwa ya huduma iliyofanyika kweli, kadi ilisoma, fedha zilivuka. Kwa hilo nakubaliana na benki. Mwajiri naye akasema bajeti ni 400, na ankara mpya ni ya 400, kwa hiyo faili limefungwa.

Mwezi uliopita alinitumia picha ya fomu mpya ya maombi ya safari ya kampuni yao. Imeongezwa safu: "Sarafu ya malipo ya malazi na aina ya ankara." Dola 16 bado anazidai, sasa kwa idara ya fedha, na anasema ana hoja.